Shangazi wa Wingu na Video Arobaini na Moja

Chumba cha kompyuta cha chuo chetu kina mashine kumi na nane. Zinazowaka ni kumi na moja. Zinazowaka na kukubali kufanya kazi ni tisa. Yenye herufi zote kwenye kibodi ni moja tu, na hiyo ni ya Shangazi, usiiguse.

Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale. Jina alipewa na wanafunzi wa zamani, likakaa. Ndiye msimamizi wa chumba: mama wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni, kitambaa cha vumbi begani muda wote kama mshika kibendera wa mpira. Mlangoni ameweka kopo la vifuniko vya chupa, kila kifuniko na namba yake. Ukifika unachukua kifuniko, unakaa kwenye benchi, unasubiri zamu. Ukiruka foleni hagombi. Anakuuliza tu, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Mheshimiwa, kifuniko chako kimeandikwa ngapi?" Utatafuta pa kuweka uso.

Tunasomea ualimu. Mwaka wa mwisho kila mmoja anajirekodi akifundisha darasa zima, dakika arobaini bila kukata, na video hiyo ndiyo mtihani. Hakuna video, hakuna cheti. Sasa video ya dakika arobaini ni zigo. Barua pepe inaikataa. Ukiitupa kwenye gurupu inabanwa mpaka sura yako inakuwa uji. Flashi nazo tunazijua: leo iko mfukoni, kesho iko kwenye beseni la kufulia. Njia inabaki moja, kuipandisha kwenye wingu, na intaneti yenye mabavu ya kubeba mzigo huo iko kona moja tu ya chuo, kwenye mashine ya Shangazi karibu na dirisha.

"Wingu si angani, mwanangu," alikuwa anawaambia wageni. "Acha kutazama dari. Ni kompyuta ya mtu mwingine, kubwa, iko mbali, haizimwi. Unamwekea vitu vyako, anakupa ufunguo. Na wewe ukimpa mwenzako ufunguo, mwambie kabisa: unaingia kutazama, au unaingia kuhamisha vyombo?"

Halafu hakuachii uondoke. Lazima ujibu swali lake kwanza, kila mtu, kila siku, hata uwe umemaliza miaka mitatu pale.

"Faili lako liko wapi?"

"Mahali pawili, Shangazi."

"Taja."

"Kwenye wingu na kwenye simu."

"Haya nenda. Faili la mahali pamoja si faili, ni bahati."

Sisi tulimwigiza mpaka basi. Ukimwuliza mtu kalamu, anakujibu "mahali pawili, Shangazi". Rafiki yangu Betri, aliyeitwa hivyo kwa sababu humkuti mbali na soketi, aliachwa na mpenzi wake akasema kosa lake ni kuweka moyo mahali pamoja.

Zamani Shangazi alikuwa mpiga chapa wa chuo. Mitihani yote ilipita vidoleni mwake. Taipureta zilipotupwa stoo, yeye hakutupwa, alipewa kitambaa na kuambiwa apanguse kompyuta. Akapangusa miaka miwili, macho yakiwa juu ya mabega ya wanafunzi. Siku moja mwalimu wa kompyuta hakutokea, mwanafunzi mmoja akauliza swali hewani tu, kwa kukata tamaa, na jibu likatoka chini ya meza, kwa mpangusaji. Ndivyo alivyopata kazi aliyo nayo. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kila mwaka anasubiri barua.

Swali la mahali pawili nalo lina asili yake. Mdogo wake wa kiume alisoma chuo hichohicho. Kazi yake yote ya mwisho ilikuwa kwenye flashi moja, flashi ikafa wiki ya kukabidhi, na yeye akaondoka bila cheti. Leo ni fundi wa kuchomelea. Nondo za dirisha la chumba cha kompyuta ni kazi ya mikono yake. "Fundi mzuri, ana watoto, anacheka kuliko mimi," Shangazi aliniambia siku moja akipangusa nondo hizo. "Ila alitaka kuwa mwalimu." Nilimwitikia "pole", na kidole changu kikaendelea kupekua simu. Hiyo ikumbuke.

Mimi ndiye Kiongozi. Tuko arobaini na mmoja darasani na nilishinda uongozi kwa kura thelathini na mbili, si kwa busara, kwa stika. Nikipiga picha yako ukipiga mwayo, kabla hujafunga mdomo umeshakuwa stika yenye maandishi mekundu, inazunguka chuo kizima. Walimu wawili wananisalimia kwa uangalifu mpaka leo.

Kama kiongozi, folda ya darasa ilikuwa yangu. Shangazi ndiye aliyenikalisha tukaifungua pamoja, kwa akaunti yangu, na kila mtu akapandisha video yake humo kwa siku tisa, kifuniko kwa kifuniko. Mama Pacha, dada yetu mkubwa darasani, alirekodi mara nne kwa sababu mapacha wake walikuwa wanaingia kwenye video wakidai maji. Mara ya tano walilala. Siku alipopandisha ile ya tano alimkumbatia Shangazi mpaka miwani ikakaa upande.

"Video zote arobaini na moja zimeingia," Shangazi aliniambia mbele ya wenzangu. "Ijumaa saa nne unawapa wasahihishaji linki, wanatazama tu, hawagusi. Umenielewa? Na nyinyi wenyewe mnazo kwenye simu?"

"Tunazo, Shangazi! Mahali pawili!"

Tulijibu kama kwaya. Uongo mtupu. Ukishapandisha giga tatu, cha kwanza unachofanya ni kuifuta kwenye simu upumue. Alituamini.

Jumatatu, kwenye somo la saikolojia, Betri akanitumia klipu ya kocha aliyekuwa anagombana na mpira. Si na wachezaji, na mpira. Simu ikakataa kuipokea: nafasi imejaa. Nikaingia kutafuta cha kutupa. Nikaona folda ya darasa imekaa pale na uzito wake wote. Nikasema si iko kwenye wingu? Hii ya simu ya nini? Nikaibonyeza, nikaifuta. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Mimi tena? Nikabonyeza ndiyo bila hata kumaliza kusoma. Klipu ikaingia. Nilicheka mpaka mwalimu akanitoa nje.

Jioni ile Mama Pacha akaandika kwenye gurupu: "Jamani folda haifunguki kwangu. Kwenu?"

Haikufunguka kwa mtu. Kila mtu aliambiwa faili halipo.

Niapishe kwa lolote, wakati ule sikujua. Kichwani mwangu nilifuta cha simu tu. Kwa hiyo mtu mmoja alipokumbusha kwamba Shangazi alishinda siku nzima akisafisha mashine, akifuta mafaili ya wanafunzi waliohitimu, mimi ndiye wa kwanza kuruka.

"Basi tumempata," niliandika. "Kafuta ya waliohitimu na ya watakaohitimu."

Walicheka kwa machozi. Na mimi mtu akicheka siwezi kuishia hapo. Nilikuwa na picha ya Shangazi akipiga mwayo mbele ya feni, mdomo wazi, miwani kwenye paji la uso. Nikamwekea wingu jeusi kichwani na herufi nyekundu: WINGU LIMETANDA, VIDEO ZIMEKWENDA. Kwa dakika tano ilikuwa imetoka gurupu letu ikaingia la mwaka wa pili. Kufikia chakula cha mchana kesho yake, mpishi wa kantini alikuwa nayo.

Jumanne nikaandika barua kwa Mkuu wa Taaluma. Barua nzuri sana, sijawahi kuandika barua nzuri vile. "Uzembe uliokithiri." "Tunaomba chuo kimtafute mtu mwenye sifa." Watu arobaini na mmoja wakatia sahihi, yangu ya kwanza, kubwa, na mkia.

Siku hiyo Shangazi alikuwa anatafuta. Nilimkuta ameinama kwenye skrini, vifuniko vyote bado koponi, maana hakuna aliyekuja.

"Kiongozi, njoo tuangalie pamoja kwenye akaunti yako," akaniambia. "Mimi humu ndani sijagusa ya kwenu, mwanangu. Nimegusa ya mashine tu."

"Nina haraka, Shangazi."

"Dakika mbili."

"Nitarudi," nikasema. Nikatoka, na nje nikawasimulia wenzangu jinsi sauti ilivyokuwa inamtetemeka.

Jumatano asubuhi nilikuwa kwenye benchi la nje natafuta picha yangu ya pasipoti kwenye wingu. Nikapapasa huku na huku, nikafungua sehemu ambayo sijawahi kuifungua maishani, kapu la taka. Ndani mlikuwa na folda moja. Chini yake pameandikwa: vitu arobaini na moja. Umefuta wewe, Jumatatu, saa tano na dakika kumi na mbili.

Saa tano na dakika kumi na mbili. Kocha na mpira.

Nilisoma neno "wewe" kama mara sita, labda litabadilika. Simu na wingu vilikuwa akaunti moja, na folda ilikuwa yangu, kwa hiyo nilipoifuta kwangu niliifuta kwa wote. Mwenye nyumba alikuwa amechoma nyumba ili apate pa kuegesha baiskeli.

Mkono wangu ukataka kukimbilia kitufe cha kurejesha, kichwa kikaushika. Ukirejesha, watu wote wanapata taarifa yenye jina lako. Nikakaa na simu mpaka kengele ya saa sita. Nikawaza niseme akaunti yangu iliingiliwa. Nikawaza niseme ni mtoto wa dada alichezea simu. Dada yangu hana mtoto. Mwishoni nikafikiria mapacha wanadai maji, nikabonyeza.

Simu arobaini zikalia kwa pamoja: Kiongozi amerejesha vitu arobaini na moja.

Nikajikunja nisubiri mawe. Yakaja maua.

"KIONGOZI WEEE!" hiyo ni Betri. "Kaingia mwenyewe winguni akazitoa!"

"Mungu akupe maisha marefu mdogo wangu," hiyo ni Mama Pacha, ametuma sauti, analia. "Mimi nilishaanza kuwavisha watoto nikarekodi tena."

"Shangazi kashindwa siku mbili, Kiongozi dakika moja. Apewe yeye chumba!"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango uko wazi, hata si wa kusukuma. Nikaandika: "Jamani, acheni tu." Kama mtu mnyenyekevu! Na kikopa cha moyo nikaweka. Kuna vitu nimefanya maishani, ila kile kikopa kinaniamsha usingizini.

Nikaenda angalau kuiondoa barua. Mkuu wa Taaluma alikuwa anakunywa chai, barua yangu iko mbele yake chini ya kikombe.

"Mkuu, naomba tuirudishe ile barua. Video zimepatikana."

"Zimepatikana wapi?"

"Kwenye... humohumo."

"Nani alizifuta?"

Nikatazama kikombe.

"Kiongozi, barua ina sahihi arobaini na moja. Haiondoki kwa sababu mmoja amebadilisha uso. Kesho saa tatu namwita mhusika. Mkataba wake unaisha mwezi huu, kwa hiyo hata si kumfukuza, ni kutomwandikia mwingine. Una cha kuongeza?"

"Hapana, Mkuu."

Nilipopita chumba cha kompyuta, Shangazi alikuwa anapanga vitu kwenye mfuko: kikombe chake, kamusi iliyochanika jalada, kitambaa cha akiba. Kopo la vifuniko aliliacha mezani, kisha akalichukua, kisha akaliacha tena.

"Nimesikia umezipata," akasema. "Nimefurahi. Nimefurahi kwa yule mwenye mapacha hasa."

"Asante, Shangazi."

"Umezitoa wapi?"

"Kwenye kapu la taka."

Akaendelea kukunja mfuko. Halafu akauliza polepole, kama anavyouliza namba ya kifuniko, ila safari hii hakupaza sauti, tulisikia wawili tu:

"Kapu la nani?"

Kila akaunti ina kapu lake. Aliyenifundisha hivyo ni yeye, mwaka wa kwanza, kwenye kiti kilekile nilichokuwa nimekishika mgongo. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Shangazi, nitachelewa kipindi."

"Haya, mwanangu. Usichelewe."

Hakukuwa na kipindi. Nilikwenda kukaa nyuma ya kantini, na mpishi akanitumia stika yangu mwenyewe, ameongeza kucheka.

Alhamisi saa tatu nilikuwa kwenye korido ya ofisi. Sikwenda kwa ushujaa, usinipambe. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kula tangu jana yake, na njaa inamshauri mtu. Mlango ulikuwa nusu wazi. Shangazi amesimama, mfuko mkononi, Mkuu anasoma barua yangu kwa sauti: "Uzembe uliokithiri." Lile neno nilikuwa nimelipenda sana wakati naliandika.

"Una la kujibu?" Mkuu akauliza.

"Sikuzigusa," Shangazi akasema. Basi. Alikuwa na jina langu mdomoni, angelitema pale mambo yakaisha. Alilimeza.

Nikaingia bila kubisha.

"Ni mimi, Mkuu. Nimezifuta mimi. Jumatatu, saa tano na dakika kumi na mbili, ndani ya somo la saikolojia. Nilitaka nafasi ya klipu."

"Klipu ya nini?"

Kulikuwa na haja gani ya kuuliza hilo? "Ya kocha anagombana na mpira," nikasema, na sauti yangu ikapasuka kama ya mtoto wa darasa la sita. Nikamwonyesha simu, kapu, saa, neno "wewe". Mkuu akavaa miwani, akavua, akaisukuma barua ile mpaka ukingoni mwa meza.

"Na jana ulikuja hapa ukijua?"

"Nilijua."

"Na barua umeiandika wewe?"

"Mimi."

Shangazi hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama sahihi yangu, ile yenye mkia.

Mkuu alinivua uongozi palepale, na akaniamuru niliseme darasani, nimesimama. Nikalisema. Nilitegemea vicheko, maana vicheko nimevizoea, naweza kuviendesha. Hakuna aliyecheka. Betri alichomoa chaja yake akahamia soketi ya nyuma. Mama Pacha akaniuliza swali moja tu, "Na nilipokuwa nakuombea dua, ulikuwa unanisikia?" Nilikuwa namsikia. Wakaandika barua nyingine bila mimi, na Shangazi akaandikiwa mkataba, mwaka mmoja kama kawaida.

Stika ndiyo imeshindikana. Ya kwangu niliifuta, nikawaomba darasa wakaifuta, nikazunguka mwaka wa pili mmoja mmoja. Mpishi aliniambia ameifuta, ila mke wake anayo. Iko kwenye vyuo ambavyo sivijui, watu wanaituma mvua ikinyesha.

Ijumaa saa nne linki ilikwenda kwa wasahihishaji. Saa tano nilichukua kifuniko namba saba, nikakaa kwenye benchi. Zamu yangu ilipofika Shangazi alisogeza kiti, hakusema karibu.

"Faili lako liko wapi?"

"Mahali pamoja, Shangazi. Nilikudanganya."

"Lete simu."

Tukaanza kuishusha video yangu, asilimia moja, asilimia mbili. Ikiwa imefika thelathini, simu yake ikatetemeka mezani. Akaisoma kwa muda mrefu, kisha akanigeuzia.

Ilikuwa stika. Mwayo, feni, wingu jeusi, herufi zangu nyekundu. Imetumwa na mdogo wake, yule wa nondo za dirisha. Chini yake ameandika: "Dada, huyu si wewe? Imekuja kwenye gurupu la mafundi, wote wanacheka. Nani kakufanyia hivi?"

"Nilijua ni kazi yako," Shangazi akasema. "Herufi nyekundu zile nimeziona kwenye stika zako miaka mitatu."

"Shangazi, mimi..."

"Usiniambie mimi. Mimi sijakuuliza, aliyeuliza ni yeye." Akanisogezea simu yake. "Mjibu yeye."

Nikaishika. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika maneno mengi yenye sababu ndani yake, nikayafuta. Nje ya nondo watu wa foleni walikuwa wanapiga soga. Mwishoni nikaandika kwamba aliyetengeneza picha ile ni mwanafunzi wa dada yake, kwamba dada yake hakufuta kitu, aliyefuta ni mwanafunzi huyohuyo, na kwamba anaomba radhi kwao wote wawili.

Nikampa asome kabla ya kutuma. Akashusha miwani, akasoma mpaka chini, akanirudishia.

"Hujasema wewe ni nani," akasema.